Shangazi Alihesabu kwa Tasbihi

Usiku ule tulilala wanawake 14 kwenye mikeka ya chumba kimoja, Pangani, siku ya pili ya matanga ya baba mkubwa. Asubuhi, wenzangu wakiwa jikoni wanabandika chai na kumenya mihogo, shangazi aliniita uani. Nilidhani ana neno la mirathi. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, usiku huwa unakwenda wapi?"

Sikumwelewa. Shangazi amevuka miaka 80 na usingizi wake ni mchache. Usiku huketi kitako na tasbihi yake. Akaniambia nilikoroma, na kukoroma si neno, hata marehemu alikuwa akikoroma mpaka majirani wanajua amelala. Kilichomtia hofu ni kimya. Katikati ya mkoromo nilikuwa nanyamaza ghafla, kifua kinahangaika lakini pumzi haitoki wala haiingii. Ndipo akaanza kuvuta punje. Mara ya kwanza alifika punje ya 19. Mara ya pili 24. Mara ya tatu alifika 30, ameshanyanyuka aje kunitikisa, nami nikashtuka kama mtu anayeibuka kutoka chini ya maji.

"Kila punje ni Subhanallah moja," alisema. "Nimekuhesabia mpaka alfajiri. Ukirudi Tanga nenda hospitali, usinipe sababu."

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimefundisha mfumo wa hewa na mzunguko wa damu katika sekondari ya Tanga mjini kwa miaka 26. Naweza kuchora moyo ubaoni na vyumba vyake vinne bila kutazama kitabu. Na kwa miaka sita kabla ya asubuhi ile nilikuwa mgonjwa wa presha isiyoshuka, nikameza dawa tatu kila siku, bila kumuuliza mtu yeyote wala kuulizwa na yeyote ninavyolala.

Presha yangu ilianza kuonekana mwaka 2017. Kwanza nilipewa amlodipini, baadaye losatani, mwisho ikaongezwa dawa ya kukojoa. Nilipunguza chumvi mpaka watoto wakalalamika mchuzi hauna ladha. Bado kipimo kilikuwa kinagoma: 160 kwa 98, 172 kwa 104, na siku moja mbaya 184. Kwenye kliniki moja niliyokuwa nikihudhuria nilitazamwa machoni nikaambiwa, "Mama, dawa humezi." Nilitoa paketi tupu kwenye mkoba, nikaziweka mezani. Hazikutazamwa. Nililia njia nzima kwenye daladala ya kurudi Makorora, na mpaka leo nikikumbuka koo linanikaba, maana nilikuwa nameza dawa zangu saa moja asubuhi bila kukosa kama ninavyosali.

Madaktari wana jina la hali ile: presha sugu, inayokaa juu ya kiwango japo mtu anatumia dawa za aina tatu au zaidi, mojawapo ikiwa ya kukojoa. Na kukatika kwa pumzi usingizini ni miongoni mwa sababu za kwanza zinazopaswa kutafutwa kwa mtu wa namna hiyo. Kumbe dalili zote nilikuwa nazo. Niliamka na kichwa kizito kana kwamba sikulala. Usiku niliamka kukojoa mara nne, nikalaumu dawa. Nilisinzia nikisahihisha daftari, kalamu nyekundu ikachora mstari mrefu juu ya kazi ya mtoto wa watu. Nilipitishwa kituo. Nikasema ni umri, ni ukomo wa hedhi, ni uchovu wa kazi.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani. Mume wangu alihamia kulala sebuleni miaka minane iliyopita, akisema chumbani joto linamsumbua. Baada ya habari ya Pangani nilimuuliza kwa dhati, naye akainamisha kichwa. Alikuwa anajua. Alikuwa anasikia mkoromo na alikuwa anasikia kimya, tena usiku mwingine alisimama mlangoni akisubiri nivute pumzi ndipo arudi kulala. "Nilikuwa nakusitiri, mama," aliniambia. Kwetu pwani mwanamke kukoroma ni aibu, haitajwi mbele yake. Binti yangu naye alijua. Walimu wenzangu tuliosafiri nao kwenda kusahihisha mitihani walijua, wakanipisha chumba cha peke yangu kwa heshima. Marehemu mama mkwe alisema nakabwa na jinamizi, akanipeleka kwa mwalimu wa madrasa nikaandikiwa kombe, aya zinazooshwa kwa maji, nikanywa. Sijutii, dua ni dua. Lakini watu wote walionipenda walinifunika shuka, na chini ya shuka mimi nilikuwa nakosa hewa. Aliyenifunua ni ajuza mmoja mwenye tasbihi.

Daktari niliyemkuta Tanga alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Hakuanza na presha. Aliniuliza maswali manane ambayo hutumika duniani kote, yaliyotungwa Toronto, Kanada: je, unakoroma kwa sauti? Mchana unachoka na kusinzia? Kuna mtu amewahi kukuona pumzi imekatika? Una presha? Kisha uzito kwa urefu, umri kuzidi 50, unene wa shingo, na jinsia ya kiume. Alichukua futi ya fundi cherehani akanipima shingo: sentimita 42. Nilipata 7 kati ya 8, na hilo moja nililokosa ni kwamba mimi si mwanamume. Alinipa barua ya kwenda Dar es Salaam kupimwa.

Basi kutoka Tanga, Segera, Chalinze mpaka Dar ni safari ya siku. Nililala njia nzima, na abiria wa kiti cha pembeni aliniamsha mara mbili kwa woga. Sikulazwa hospitali. Nilipewa kifaa kidogo nikakilalie nyumbani kwa binti wa dada yangu: mkanda kifuani wa kufuata mwendo wa pumzi, mrija mwembamba puani wa kupima hewa, na kibanio cha kidoleni cha kusoma oksijeni. Nilidhani sitalala. Nililala, na kifaa kikaandika kila kitu.

Matokeo: pumzi ilikatika au kupungua sana mara 38 kwa saa. Chini ya 5 huhesabiwa ni kawaida. 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya wastani, kuanzia 30 ni kali. Nilifanya hesabu palepale pembeni ya karatasi: mara 38 kwa saa saba ni mara 266 kwa usiku mmoja. Kukatika kurefu kuliko kote kulichukua sekunde 41. Oksijeni, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya hukaa karibu na asilimia 95 na kuendelea, yangu ilishuka mpaka 71. Shangazi hakukosea hata punje.

Sasa ngoja nieleze kama ninavyoeleza darasani, kwa sababu mimi mwenyewe sikuridhika mpaka nilipouona mnyororo mzima.

Bomba la hewa linaloshuka kifuani limezungushiwa pingili za gegedu, ndiyo maana halibonyei. Lakini juu yake, kwenye koromeo, nyuma ya ulimi na kilimi, hakuna mfupa wala gegedu la kulishikilia. Panashikiliwa na misuli tu. Tukilala misuli inalegea. Kwa mtu mwenye shingo nene, au taya dogo, au ulimi mkubwa, njia inakuwa nyembamba, kuta zinatetemeka, na huo ndio mkoromo. Ikilegea zaidi kuta zinagusana na njia inafunga. Kwa wanawake hatari hupanda baada ya ukomo wa hedhi, kwa sehemu kwa sababu homoni ya projesteroni, ambayo huchochea kupumua, inapungua.

Njia ikifunga, ubongo haujui kwamba kuna kizuizi, unaamuru tu kifua kivute. Kifua kinavuta dhidi ya mlango uliofungwa. Ziba pua na mdomo ujaribu kuvuta hewa, utausikia mvuto huo mpaka tumboni. Moyo umo ndani ya kifua hichohicho, na mvuto ule unavuta kuta zake kwa nje, kwa hiyo kila pigo inabidi ufanye kazi zaidi kusukuma damu. Wakati huohuo oksijeni inashuka, kabonidioksaidi inapanda, vipokezi vilivyo shingoni kwenye ateri vinapiga kelele, na neva za simpathetiki, zile za kupigana au kukimbia, zinaamka. Mishipa inajibana. Mwisho ubongo unakustua kidogo, kiasi cha kufungua koo bila wewe kukumbuka. Hewa inaingia kwa kishindo, moyo unapiga mbio, damu inasukumwa kwenye mishipa iliyojibana, na presha inaruka juu. Kisha unalala tena. Kisha njia inafunga tena. Mimi nilikuwa nakimbizwa na chui mara 266 kila usiku, halafu asubuhi naambiwa nipunguze mawazo.

Presha ya mtu mwenye afya hushuka usingizini kwa asilimia 10 hadi 20, na huo ndio muda wa mishipa kupumzika. Nilivalishwa kipimo cha saa 24 mkononi, kikaonyesha yangu haikushuka kabisa. Saa tisa usiku ilikuwa juu kuliko saa tisa mchana. Na neva zile zikishazoea kuamshwa usiku hazilali mchana. Utando wa ndani wa mishipa, ambao hutengeneza nitriki oksaidi ya kuilegeza, unadhoofika kwa kushuka na kupanda kwa oksijeni, mishipa inakuwa migumu na uvimbe wa ndani unaongezeka. Hata safari zangu nne za chooni zilipata maelezo: kuta za moyo zikivutwa hivyo, moyo hutoa homoni inayoziambia figo zitoe maji na chumvi. Kipimo cha picha ya moyo kilionyesha ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, umenenepa. Miaka 26 nimewaambia watoto, "Ukuta huu chora mnene kuliko mwenzake, kwa sababu ndio unaosukuma damu mwili mzima." Wa kwangu ulikuwa mnene kupita kiasi kwa kazi ya usiku ambayo hakuna aliyeuagiza.

Dawa ya ugonjwa huu kwa wenye hali kali ni mashine inayoitwa CPAP. Ilibuniwa na daktari wa Australia, Colin Sullivan, mjini Sydney mwaka 1980, kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta, na mwaka uliofuata aliandika habari za wagonjwa watano wa kwanza kwenye jarida la Lancet. Watu wengi niliowaeleza wanadhani ni mtungi wa oksijeni. Siyo. Ni hewa ileile ya chumbani, inasukumwa kwa mrija na barakoa ya puani, inakaa kooni kama nguzo ya hewa ili kuta zisigusane. Yangu imewekwa sentimita 11 za maji. Ukitaka kujua ni nguvu kiasi gani, chukua mrija wa soda, uzamishe sentimita 11 kwenye jagi la maji, upulize mpaka mapovu yatoke. Ni hivyo tu.

Bei haikuwa hivyo tu. Bima yangu haikuigusa. Nilichukua mgawo wangu wote wa kikoba, mume wangu akauza mbuzi wawili, na bado tulidaiwa. Wakati nasubiri, binti yangu alinishonea mpira wa mjukuu mgongoni mwa dera ili nisilale chali, kwa kuwa chali ulimi hurudi nyuma. Ulisaidia kidogo.

Mwezi wa kwanza na mashine ulikuwa mgumu, na sitaki mtu adanganywe kuhusu hilo. Barakoa ilivuja kwenye shavu ikanipulizia jicho. Niliiota kama mkono unanifunika uso. Nilikuwa naiweka saa nne usiku, saa sita naikuta chini ya kitanda bila kukumbuka nimeivua lini. Mashine yenyewe hurekodi saa unazoivaa, na mwisho wa mwezi ilisema: wastani wa saa mbili na dakika kumi. Presha ilikuwa palepale.

Ndipo niliposoma kwenye simu habari za utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2016 kwenye jarida la New England Journal of Medicine: watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, nusu wakapewa mashine. Baada ya miaka kama mitatu na nusu na zaidi, idadi ya mashambulizi ya moyo na viharusi haikuwa ndogo kwa waliopewa mashine kuliko kwa wenzao. Nilikaa kitandani na mashine mapajani nikawaza mbuzi wangu.

Nilimpigia yule daktari kijana. Hakunificha kitu. Alisema ni kweli, mashine si kinga iliyothibitishwa ya kiharusi kwa kila mtu, na asije mtu akaniambia niache dawa za presha. Lakini akaniambia nisome mpaka mwisho: waliopewa mashine waliivaa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, na waliokuwa wakisinzia sana mchana hawakuingizwa kabisa kwenye utafiti ule. Halafu akanielekeza kwenye utafiti wa Hispania wa mwaka 2013, watu 194 waliokuwa kama mimi, presha haishuki kwa dawa tatu au zaidi. Baada ya wiki 12 za mashine wastani wa presha yao ya saa 24 ulishuka kama milimita 3 za zebaki, yaani alama 3 za kipimo cha presha, zaidi ya wasiokuwa nayo, na wengi zaidi walirudisha kule kushuka kwa usiku. Milimita 3 zinaonekana ndogo. Alisema ni wastani tu, na kadiri saa za kuvaa zilivyokuwa nyingi ndivyo presha ilivyozidi kushuka. "Mwalimu, dawa isiyomezwa haifanyi kazi. Hii nayo humezi." Maneno yaleyale niliyoyalilia kwenye daladala, safari hii yakiwa ya haki.

Nikabadilisha. Nilianza kuivaa mchana, nusu saa, nikiwa nimekaa nasahihisha, mpaka uso ukaizoea. Nilipata barakoa ndogo ya kuketi chini ya pua. Kipande cha kitambaa laini cha kanga chini ya mkanda kilizuia alama za shavuni. Tanki la maji la kulainisha hewa sikulijaza kabisa, hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha. Umeme ulipoanza kukatika usiku, fundi mmoja wa Ngamiani alinifungia betri ya volti 12, na bila kupasha maji moto mashine hula umeme kidogo, inafika asubuhi. Mume wangu alirudi chumbani. Anasema sauti yake ni kama upepo wa bahari ukipita dirishani.

Mwezi wa nne wastani ulifika saa tano na nusu. Safari za chooni zikawa moja. Kichwa cha asubuhi kikaondoka, na hilo lilitangulia kabla presha haijasogea. Kisha presha nayo ikasogea: 148, 142, na sasa, mwaka mmoja na nusu baadaye, hukaa 134 kwa 82. Nilipimwa tena saa 24 na usiku inashuka. Dawa bado nameza zote tatu, moja imepunguzwa nguvu. Na nimepungua kilo 7 kwa kutembea alfajiri kutoka Bombo hadi Raskazone, kwa hiyo siwezi kusema ni mashine peke yake. Ila najua kwamba kabla ya kuipata nisingeweza kutembea hata robo ya njia ile, nilikuwa nachoka kabla jua halijatoka.

Idd iliyopita tulilala kwa mdogo wangu wa kiume, Muheza. Yeye ni dereva wa lori, hupeleka machungwa Dar, na hupenda kuondoka usiku ili awahi soko. Shingo yake ni ya baba. Saa nane usiku nilivua barakoa kwenda chooni, nikasikia mkoromo wake nyuma ya ukuta, kisha kimya. Nilisimama kwenye korido na simu mkononi natazama sekunde. Zilifika 33.

Asubuhi nilimwambia mbele ya chai, kama shangazi alivyoniambia. Alikasirika, akasema dada umeniletea ugonjwa wako nyumbani. Wifi yangu hakusema neno, aliinuka akaenda jikoni. Nilimfuata nikamkuta analia. Anajua tangu walipooana.

Jana amenipigia. Amekubali kupimwa shingo na presha, kwa sharti niende naye mimi, siyo mkewe, na kabla hajapakia tena. Jumatano napanda basi la kwanza.